Nevena Apika Rangi

Miaka ishirini na miwili Nevena Gancheva alikuwa mpishi wa chekechea moja mjini Sliven, Bulgaria, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumpa brashi. Sasa asubuhi moja ya Aprili, mipichi imechanua mji mzima, mume wa mwalimu wa watoto wadogo akapiga simu: mkewe amekaukiwa sauti.

"Nevena, kaa na watoto mpaka saa sita," mwalimu mkuu, Bi Stankova, akamwambia. "Leo wanachora majira ya kuchipua. Wape tu karatasi."

"Na supu yangu?"

"Itajichemkia."

Kabatini mlikuwa na makopo manne ya rangi: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Watoto kumi na sita wakamkodolea macho.

"Shangazi, nataka kijani," akasema Rositsa.

"Hamna kijani."

"Sasa majani nipake nini?"

Nevena akajikuna kichwa. Kisha akakimbilia jikoni, akarudi na mabakuli na miko.

"Sogeeni, tunapika! Njano vijiko viwili. Buluu kidogo tu, kama unatia chumvi. Koroga, Rositsa, isishike chini!"

Kijani hicho! Watoto wakapiga yowe hadi madirisha yakatikisika. "Imegeuka! Tena, Shangazi, tena!" Wakapata rangi ya chungwa, wakapata zambarau, wakapata waridi ya maua ya mpichi. Nevena mwenyewe alikuwa akirukaruka, kilemba kimemwangukia shingoni.

Boyko, mtoto asiyeambilika, akamimina zote pamoja. Likatoka tope. Midomo ikaanza kumcheza.

"Imeharibika."

Nevena akachovya kidole, akanusa kama anayenusa mchuzi. "Imeharibika wapi? Hii ndiyo rangi ya kiota. Korongo wetu wa juu ya paa karudi juzi, unataka alale wapi?"

Boyko akapaka kiota. Kikajaza karatasi, kikavuka meza, kikaanza kupanda ukuta.

Hapo mlango ukafunguka. Bi Stankova akaingia na suti yake ya krimu, Rositsa akamrukia kumkumbatia goti, na viganja viwili vya kijani vikabaki kwenye suruali. Nevena akaona kazi inaota mbawa.

Bi Stankova akaangalia goti, akaangalia ukuta.

"Nani kapika kijani hiki?"

"Mimi," Rositsa akajibu kwa sauti ndogo.

"Na huu mguu mwingine umekosa nini?"

Weee! Walimvamia wote. Bi Stankova alicheka mpaka akaketi sakafuni, juu ya zambarau. Supu ikaungua, wakala mkate na jibini uani, na hakuna aliyelalamika.

Mwalimu alipopona, watoto waligoma kushika brashi mpaka mpishi aitwe. Tangu hapo kila Alhamisi ni ya Nevena.

"Mke wangu," mumewe Dobri humtania, "nikikushika mkono natoka kijani."

"Nishike wa pili," humjibu. "Huo ni wa waridi."