Siku Mama Alipochungulia Seli

Mama alikatwa titi la kushoto nikiwa chuoni. Nilipohitimu, nikapata kazi ya utafiti katika maabara moja hapa Machakos: kukuza seli za saratani ya matiti na kuchunguza kinachozistawisha na kinachozidumaza. Kazi yenyewe haina tofauti kubwa na kufuga. Unazibadilishia chakula, unazirudisha kwenye kabati la joto, kesho unazikagua.

Jumamosi moja mama alifika kutoka Mitaboni na mfuko wa maparachichi. Msimamizi wangu akaruhusu aingie.

"Hawa mifugo wako wanakula nini?" aliniuliza.

"Sukari, protini, na homoni kidogo."

"Wanakula vizuri kuliko mimi."

Nikamvika koti jeupe lililomfika karibu na vifundo vya miguu, nikamketisha mbele ya hadubini. Sahani ya kwanza ilikuwa na seli zilizotiwa homoni ya kike. Zilisongamana, hata sindano haingepata pa kupita. Ya pili ilitiwa homoni ileile, pamoja na dawa ya kuizuia. Humo seli zilikuwa chache, moja huku, nyingine kule.

"Hii imepaliliwa," mama akasema. "Umeweka dawa gani?"

Nikamtajia. Akainua uso.

"Si ni zile zangu?"

"Ndizo, mwaitu. Zile unazomeza kila siku."

Akavua koti, akalikunja polepole.

"Niliziacha mvua zilipoanza," akasema. "Zinanipandisha joto, silali. Na niliona nishapona."

Nilitaka kumgombeza, lakini uso wake ulikuwa umenyauka kwa hofu, nikamshika mkono. Nikamweleza kwamba mwili si sahani. Kilichotokea chini ya hadubini hakikuwa jibu lake. Jibu angelipata kwa daktari.

Jumatatu tukaenda. Daktari alimsikiliza hadi mwisho bila kumkaripia, akampima, akamrudishia vidonge na kumpa ushauri wa kupunguza lile joto. Majibu ya vipimo yalipotoka, hakukuwa na uvimbe mpya. Mama alisali palepale kwenye benchi la hospitali, kisha akadai chipsi na kuku, akamaliza sahani yake na kunisaidia kumaliza yangu.

Siku hizi hunipigia simu ya video akiwa shambani, akijipepea kwa ncha ya leso, na kulalamika jinsi dawa zinavyomtoa jasho. Mimi huyasikiliza malalamiko hayo kwa raha isiyo kifani.