Usukani wa Baba Klarisi

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1992, saa tisa mchana, nilikuwa nimechuchumaa uani kwa Mama Klarisi, mjane mmoja wa Nyakabanda, nikikagua baiskeli kuukuu ya mashindano. Nataja saa makusudi, usije ukasema niliota. Jua lilikuwa kali na akili yangu timamu.

Nilikusudia kuinunua, niifunge gia na kiti kipya, niwe nikienda nayo shule ninakofundisha. Rangi iling'aa, nami nikaridhika upesi mno.

"Mwalimu, utateremka mlima wa Gisozi na sketi?" Mama Klarisi alinitania. Kisha uso ukamsawijika. "Haijaguswa tangu imwangushe Baba Klarisi akafa. Wanasema alikuwa amelewa. Ndugu zake iko na haya, hawataki hata kuja kumaliza matanga."

Akaingia ndani kuleta vinywaji. Hapo nikamwona mwanamume langoni, suruali ameibana mguu wa kulia kwa kibanio cha nguo cha buluu. Nilidhani ni fundi wa jirani.

"Madamu, rangi haibebi mtu," alisema kwa upole. "Bana gurudumu ya mbele na magoti. Sasa zungusha usukani."

Nikafanya hivyo. Usukani ukageuka, gurudumu likabaki pale pale. Nikauvuta, ukachomoka. Bomba la ndani, linalounganisha usukani na gurudumu, lilikuwa limekatika, na kutu ya miaka mingi ilikuwa imeula ufa wake tangu kabla ya ajali. Nani angeuona kwa nje?

"Umeniokoa, fundi. Ngoja unywe bia."

"Mimi sinywi. Na siku ile sikunywa."

Nilipoinua macho, langoni hapakuwa na mtu. Niliurudisha usukani mahali pake, nikaingia kuaga, nikakuta picha ya marehemu ukutani: amesimama na baiskeli ile, kibanio kiko mguu wa kulia.

Ningewezaje kusema nimeongea naye, mimi msomi? Nilitoa udhuru nikaondoka. Tangu hapo, kila saa tisa mchana, nilisikia gurudumu likizunguka taratibu nje ya dirisha langu. Halikunitisha. Lilinisubiri.

Hadi leo sipandi baiskeli kabla ya kulibana gurudumu kwa magoti. Nawe, ukikagua kitu cha marehemu na ukaonyeshwa ukweli wake, usiondoke nao kimya kama mimi. Wiki tano zilipita ndipo nikaandika barua hii, na tangu siku ile dirishani pakatulia:

"Mama Klarisi, nisamehe kwa kuchelewa. Usiiuze baiskeli. Waite ndugu zake, uwachomolee usukani, waone ufa wenye kutu. Kisha malizeni matanga pamoja. Baba Klarisi hakuwa amelewa. Ameniambia mwenyewe."