Betri za Baba, Redio ya Jirani

Mume wangu akianika betri dirishani, harufu ile ya chuma moto hunitia hasira, nami humwambia azitoe mara moja.

Kule Kibuye nilikokulia, redio ilikuwa ya jirani na betri zilikuwa za baba. Hawakuwa wakisalimiana, lakini siku ya pambano kubwa la ngumi redioni walihitajiana. Tangu asubuhi baba alizianika betri juu ya bati zipate nguvu tena, akanikataza hata kuzipitia karibu.

Jioni walikaa uani kwetu, redio katikati, kila mmoja na bondia wake.

"Mtu yako leo atalala chini kama omena, dagaa wa kuanikwa," jirani akasema.

"Nyamaza, Bwana. Bila betri zangu hiyo redio yako ni sanduku tu."

"Toa basi, uzikule!"

Mtangazaji alikuwa akiwaita mabondia ulingoni. Baba akafungua mgongo wa redio, akazitoa betri moja moja, akazitia mfukoni.

Wakabaki wameketi, wamenuniana. Punde nyumba za mbali zikalipuka kwa vifijo. Wote wawili wakageuza shingo, na hakuna aliyekubali kwenda kuuliza nani ameanguka.