Mzizi Ulioninyima Shikamoo

Wenzangu, aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii kijiji kizima cha Malindi, ya milimani si ile ya pwani, kiliishuhudia, sasa nimfiche nani?

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tunatoka shamba la kijiji na majembe begani moja kwa moja hadi kwenye kisomo cha watu wazima, udongo bado miguuni, tunaimba (shida zilikuwepo, lakini raha nayo ilikuwepo, jamani, naikumbuka mpaka leo). Mimi msichana, nimeposwa na kijana wa Mzee Hoza, harusi baada ya mavuno. Siku ya kufunga kisomo mkuu wa wilaya alikuwa anakuja, nami nikachaguliwa kuanza ngonjera, niwe Elimu anayemfukuza Ujinga. Tatizo kichwa changu kilikuwa chujio, ubeti unaingia huku unatokea kule.

Nikamwendea bibi mzaa mama, aliyeijua miti ya msituni. Akanikatia kipande cha mzizi wa akili.

"Utafune asubuhi. Ukishameza, usiseme neno mpaka useme lile unalotaka kulikumbuka. Ukianza na jingine, umejiharibia."

Nikautafuna, mchungu huo! Natoka tu nyumbani, nani kasimama njiani? Mzee Hoza, baba mkwe mtarajiwa. Na kwetu milimani shikamoo haina mjadala, asiyeamkia hakulelewa. Nikapiga goti, nikatabasamu, mdomo nimeufumba.

"Binti, hujambo?"

Kimya. Nikapita. Nikamsikia nyuma yangu, "Hee! Huyu ndiye atakayekuja kwangu?"

Nikajipa moyo kwamba nikimaliza ngonjera nitamwomba radhi. Kumbe uwanjani mama naye ananiuliza, kimya, shangazi, kimya. Mmoja akasema nimekwamwa na kitu kooni, mwingine akasema ni mashetani, mara wanawake wakanikalisha chini, huyu ananipiga mgongo, yule ananipanua taya, na mkuu wa wilaya ndiyo anashuka kwenye gari anauliza kuna msiba gani. Mzee Hoza, huruma ikamshinda hasira, akaniinamia na kunishika kidevu.

"Mwanangu, sema hata neno moja tu."

Na mimi neno nililoruhusiwa lilikuwa moja. Nikalitoa kwa sauti yote, usoni pake:

"Ondoka hapa, Ujinga, umetuchelewesha!"

Mzee akaniachia kidevu, akavaa kofia yake, akaondoka kweli. Beti zilizobaki zote zikayeyuka, nikabaki nalia mbele ya mgeni rasmi.

Posa nusura ivunjike. Baba yangu alikwenda kuomba radhi akarudi hajajibiwa, mpaka bibi alipokwenda mwenyewe kueleza habari ya mzizi, ndipo Mzee Hoza akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. Tukaoana.

Uzeeni Mzee Hoza alianza kusahau, majina ya wanawe, mwishowe hata kisa hiki alichopenda kuwasimulia wageni. Niliutamani mzizi ule kwa ajili yake, lakini bibi alishakwenda nao kaburini. Basi ikawa kila asubuhi napiga goti, "Shikamoo, baba," naye, "Marahaba, wewe ni mtoto wa nani?" Punde ananitazama kama ndiyo kwanza naingia, nami napiga goti tena. Tangu siku ile ya uwanjani sijampita mtu mzima mdomo nimeufumba, wala sitampita. Yeye, mpaka tunamzika, nilimwamkia kuliko wote, na bado naona sikumwamkia vya kutosha.