Chupa ya Mama na Mahali Pasipo Hewa

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ugonjwa wetu walimu wa fizikia ni huu: ukituuliza ni saa ngapi, tutaanza kukueleza jua. Wanafunzi wangu wa Nyakasanza, hapa Bunia, wanalijua hilo vizuri. Siku wasipotaka kuandika wananirushia swali moja tu, halafu wanastarehe mpaka kengele.

Swali la wiki ile lilikuwa la chupa ya sukre, soda yetu ya kila karamu. Prof, ikipelekwa juu kabisa, kupita mawingu, kupita hata ile rangi ya bluu, mahali pasipo hewa, itapasuka? Darasa zima likasema itapasuka. Nikafurahi kama mtu aliyetengewa kuku mzima.

Haipasuki, na jambo hilo linanishangaza mpaka leo. Ndani ya chupa gesi inasukuma ikitafuta njia, na kioo kinaizuia. Hewa ya nje inakisaidia kioo kwa kusukuma upande wake, ila msaada wenyewe ni mdogo. Ukiiondoa yote, kioo kinaongezewa mzigo kidogo tu juu ya ule kiliouzoea. Chupa iliyosahauliwa juani kwenye meza ya muuzaji wa kule Shari huenda inateseka kuliko ile iliyo kati ya nyota. Kule ingeelea na kizibo chake, imetulia tuli, mpaka siku baridi iigandishe na barafu ipasue kioo. Hapo kosa ni la baridi. Maajabu ni ukiifungua. Sukre yote inaruka povu, inachemka bila moto, na kabla haijamaliza kuchemka inaganda kuwa barafu. Nilipolisema hilo mwili ulinisisimka, na binti mmoja wa mbele akaweka kalamu chini.

Wiki haijaisha, mama yangu akazidiwa. Alikuwa amelazwa siku nyingi kwa mapafu, anapumua kwa chupa ya oksijeni, na daktari akasema avushwe Ziwa Albert siku hiyohiyo, Uganda, kwenye mashine ambazo hapa Bunia hatukuzipata. Ndege ndogo ilikuwa inangoja. Wakamtoa kwenye chupa kubwa ya ukutani, wakamtia kwenye ndogo ya safari, wakailaza kitandani kati ya miguu yake na kuifungua. Tukasukuma kitanda mpaka mlangoni. Mlangoni amesimama mujomba, kaka mkubwa wa mama.

Kwetu mgonjwa hahamishwi bila neno la mujomba. Hata daktari alilijua hilo. Alikunja mikono akangoja. Na mujomba akakataa. Hakuwa mjinga, msimcheke. Ujana wake aliupitisha akipeleka bidhaa kwa ndege kwa wachimba dhahabu, na safari moja alibeba kasiksi, pombe ya ndizi, ndani ya bidoni, dumu la plastiki, ingali inachacha. Kifuniko alikikaza kwa mpira wa baiskeli ili lisipotee hata tone. Juu ya msitu bidoni ikavimba kama mbuzi mwenye mimba, ikapasuka, rubani akaoga pombe. Mujomba akaiangalia ile chupa ya mama, akatikisa kichwa.

“Ile ilikuwa kasiksi tu,” akasema. “Hii iko chuma, na hewa yake iko na nguvu. Ikipasuka kule juu, dada yangu atakufa mara mbili.”

Nina hasira za karibu, wote wananijua, na mkono ulikuwa unaniwasha nimsukume muzee wa watu. Badala yake nikafundisha. Nikamwonyesha mshale wa kipimo: hapa kulikuwa na mia na zaidi, na hewa yote ya dunia inayotukandamiza ni moja tu. Ukitoa moja kwenye mia, chuma hakijui. Bidoni ni dhaifu, nikasema, na kasiksi ilikuwa hai, inajitengenezea gesi yake yenyewe. Nikamletea kwa maneno ile chupa ya sukre. Nikampeleka nayo mpaka kwenye nyota, nikaifungua, nikaichemsha, nikaigandisha. Watu wa kwenye korido wakasogea. Baba mmoja aliyekimbia vita vya Djugu akauliza nyota zenyewe zimefungwa na nini, nami, jamani, nikamjibu kwa kirefu. Mujomba alikuwa amesahau hofu yake, kinywa wazi.

“Kwa hiyo hata Mungu akiondoa hewa yote, hii chupa inabakia?”

“Inabakia, mujomba.”

Akavua kofia. Akasema twende, na yeye mwenyewe atapanda.

Angani chupa yake ya maji, ile ya plastiki, ikavimba mkononi. Akanionyesha akicheka, mwanafunzi bora kabisa. Chini ziwa lilikuwa limelala lote, juu bluu ikizidi kukolea, nami nikawaza kwamba pumzi yote ya watu na ng'ombe ni ganda jembamba kama la kitunguu, na sisi tupo ndani yake. Machozi yalinilengalenga kwa uzuri ule. Ndipo nikamwona muuguzi aliyetusindikiza anagongagonga kipimo kwa kidole.

Mshale ulikuwa umekaribia sifuri. Chupa ilikuwa ndogo, na nilifundisha karibu saa nzima ikiwa wazi.

Mujomba akautazama mshale, akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

“Mutoto yangu, ulituambia haitapasuka. Hukutuambia itaisha.”

Muuguzi aliibana hewa ikatoka kidogo kidogo, midomo ya mama ikawa myeusi, nami nikamshika miguu kwa sababu sikujua kingine cha kushika. Tulipotua, gari la wagonjwa lilikuwa kando ya ndege, na chupa kubwa ndani yake. Nilisikia psss walipoiunga, na tangu nizaliwe sijasikia sauti tamu kama ile.

Siku ya tatu mama akaweza kusema. Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Mama huyu aliuza sombe, majani ya muhogo, sokoni miaka yote niliyosoma, na darasani kwangu hakuwahi kukanyaga. Akaniwekea mkono kichwani.

“Ile mushale niliona inashuka,” akasema. “Lakini sikuwahi kusikia weye unafundisha. Nikasema, acha amalize.”