Mtu Aliyefumba Jicho Moja

Juzi nilikuwa nachora nje, Old Town, Lilongwe. Nilifumba jicho moja na kunyoosha brashi nipime ukuta wa duka, na mama mmoja akamvuta mwanawe, wakaondoka haraka. Sikuweza kuendelea. Kila mstari niliuona mbaya, nikaufuta.

Nilikumbuka nilipokuwa mdogo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, vita vikiendelea kwetu Kongo. Mwanamume mmoja kutoka Bukavu alisimama mbele ya nyumba yetu, jicho moja amelifumba, kijiti amekielekeza mlangoni petu. Nilidhani analenga. Upepo ulileta harufu kali kama ya mafuta ya taa, nikaamini atatuchoma. Sikuijua tapentaini, ile wachoraji wanayozimulia rangi.

"Ingieni!" Mama alituita. "Kule Uvira ilianza vile. Leo muntu anapima nyumba, kesho benye bunduki banakuja."

Alifunga mlango. Tulikaa gizani tukimsikia yule mwanamume akipiga mluzi, nikaamini anaita wenzake. Mwishowe Mama alishindwa kuvumilia, akatoka na mwiko mkononi, nami nyuma yake.

"We Papa, unatafuta nini kwetu?"

"Nachora tu, Mama."

"Geuza nione."

Aligeuza picha. Ilikuwa nyumba yetu kabisa, hata bati lililopinda, hata sufuria juu ya mafiga. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mama aliuelekeza mwiko kwenye mlango wa picha. "Na siye tuko wapi?"

"Mulikuwa hapa kwa mulango," alisema yule mchoraji. "Nilibachora bote. Mukakimbia, ndo nikabafuta."