Somo Ambalo Jemutai Hakulisimulia

Kule Kaptagat, wafugaji wanaouzia maziwa chama cha ushirika huijua pikapu ya Jemutai kwa mlio kabla ukungu haujaitoa. Kaka zake ni wakimbiaji. Yeye mbio zilimkataa, akaanza kazi chamani kwa kuosha mitungi ya maziwa, mikono imekufa ganzi kwa maji ya alfajiri, hadi siku ambayo Wanjohi alimkuta akiitazama pikapu.

"Panda," alimwambia. "Hiyo gari haiumi."

Wanjohi ndiye dereva wa zamani zaidi wa chama. Nyumba yake iko Yamumbi, lakini ujana wake aliuacha kwenye mashamba ya mahindi ya Moi's Bridge, akiendesha matrekta na malori ya mavuno kwenye njia za ndani. Leseni ya magari hayo hakuwa nayo, na huko hakuna aliyemuuliza. Yeye ndiye aliyemfundisha Jemutai klachi na gia, na yeye ndiye aliyemfundisha kusikiliza injini kuliko kutazama mishale ya dashibodi.

Mwaka huu chama kiliamua kuuza pikapu zake zote mbili na kununua lori moja lenye tangi. Lori moja, dereva mmoja.

"Nendeni mkatafute leseni ya lori," alisema mwenyekiti, Mzee Kipngetich. "Mkipita wote wawili, Wanjohi ni mkubwa, atachukua. Akipita mmoja, kazi ni yake."

Jemutai aliielewa hesabu hiyo palepale, akaichukia, na bado akaibeba hadi nyumbani.

Walijiandikisha katika shule moja ya udereva mjini Eldoret. Kwa kuwa maziwa hayangoji, mmoja alienda darasani huku mwingine akizunguka njia zote mbili. Mara nyingi aliyebaki alikuwa Wanjohi. "Nenda wewe usome," alikuwa akisema. "Mimi nimezeeka juu ya hizi vitu."

Siku moja kama hiyo, mwalimu wao, kijana aitwaye George, aliweka chaki chini na kuwakazia wanafunzi macho.

"Mtahini wa huku ana jambo moja. Mkifika kwenye mteremko ukatoa gia, ukaacha lori lijiendee lenyewe, umeanguka. Hata kama hujagusa mtu. Hapa nani huenda fri?"

Watu walicheka wakiangalia chini. Kwenye malori ya mavuno kila mtu huenda fri, maana tajiri hupima dizeli. Jemutai hakucheka. Alikuwa ameona mkono wa Wanjohi: kila barabara inapoinama, mkono huo unatoa gia wenyewe, mwenye mkono akiendelea na hadithi yake.

Jioni alimkuta kwenye kiwanda cha chama, akishusha mitungi ambayo ilikuwa kazi ya Jemutai kushusha.

"Haya, msomi. Leo mmefunzwa nini?"

Jemutai alimwambia kuhusu alama za barabarani na upepo wa magurudumu. Alimwambia kuhusu ule ubao wenye mji mdogo, ambapo mtu mzima husukuma kigari kwa kidole kuzunguka kipilefti, ule mzunguko wa njia panda.

"Na hizi ndevu zangu nisukume gari ya mtoto?"

"Na ukikosea njia, George anakuzomea mbele ya watu."

"Mama yangu! Hivyo tu?"

"Hivyo tu, Mzee."

Siku ya mtihani Jemutai alitangulia, akapita. Wanjohi akashika usukani, naye Jemutai akapanda nyuma ya lori pamoja na watahiniwa wengine. Wanjohi aliendesha vizuri ajabu. Lori lile kuukuu la shule lilimtii kwenye kila kona kama limemfahamu tangu zamani. Kisha barabara ikainamia mtoni, na Jemutai akasikia injini ikinyamaza: gia ilikuwa imetolewa.

Angeweza kuligonga bati la kabini. Alikuwa ameinua ngumi tayari. Ngumi ilibaki hewani, kisha ikashuka taratibu ikaingia mfukoni.

Lori liliegeshwa kando. "Mzee, teremka," sauti ya mtahini ilisema.

"Nimekosea wapi, afande?"

"Umeliachilia lori na watu ndani."

Wanjohi aliutazama mkono wake wa kushoto kama wa mtu mwingine.

Chamani walimpokea Jemutai kwa vigelegele. Mzee mmoja alimshika mkono akamnong'oneza, "Afadhali imebaki nyumbani." Jemutai alijua maana yake: Wanjohi, ambaye watoto wake wote walizaliwa hapa, bado ni mtu wa kuja, si wa kabila la hapa. Hilo halikuwa limempitia akilini siku aliponyamaza, lakini sasa alikuwa akishukuriwa kwalo.

Jumamosi alienda Yamumbi. Waithira, mke wa Wanjohi, alimwona akiwa bado njiani.

"Dereva wa lori! Ingia, leo unakunywa chai ya kweli, si ile mnakoroga huko msituni Kaptagat!"

Wanjohi aliinuka kumpa kiti. Jemutai hakukaa.

"Mzee, George alisema. Mambo ya fri. Alisema mtahini huangusha watu nayo. Ni siku ile ulinizungukia njia yangu."

Waithira alikuwa ameshika chupa ya chai. "Ulisahau, ama ulinyamaza?"

"Nilinyamaza, Mama."

Waithira aliifunga chupa, akaiweka mezani.

"Hata ungeniambia," Wanjohi alisema, "pengine huu mkono ungefanya tu."

"Pengine," alisema Waithira. "Lakini sasa hatutawahi kujua."

Jumatatu Jemutai alisema yote mbele ya kamati. Aliomba aendeshe lori hadi Wanjohi atakaporudia mtihani. Akipita, lori liwe lake kama ilivyopangwa.

"Na wewe uende wapi?" aliuliza Mzee Kipngetich. "Lori lina tangi. Hata mitungi ya kuosha haitakuwepo."

"Sijui, Mzee."

Walimwita mjinga, kisha wakakubali. Wanjohi alirudi kwa George. Walipokutana njiani alimsalimu Jemutai vizuri, "Habari ya asubuhi," kama mtu anayemsalimu karani wa benki. Mizaha iliisha. Hilo ndilo lililomchoma Jemutai kuliko matusi ambayo alikuwa amejiandaa kuyapokea.

Siku ya mtihani wa pili alikuwa na lori kwenye njia ya msitu simu ilipolia.

"Nimepita," Wanjohi alisema.

"Mungu asifiwe. Hongera, Mzee."

"Kesho asubuhi uniletee ufunguo."

"Nitauleta."

Alingoja neno jingine. Simu ilikuwa imekatika. Mbele yake, kwenye geti lililofuata, mama mmoja alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa, akipunga mkono kumharakisha. Jemutai aliingiza gia ya kwanza akaenda kuyachukua.